Mali Bila Daftari: Tuache Kelele za Maji, Tuanze Kuhesabu

Makamanda, leo naomba tusemane kidogo sisi kwa sisi. Tunapiga kelele sana kuhusu maji, lakini ukituuliza namba, hatuna.

Mwaka jana nilisimama kwenye mkutano wa kijiji chetu nikasema, "Hapa hakuna maji!" Makofi yakapigwa. Mtaalamu kutoka wilayani akafungua faili lake, akasoma: kijiji kina vituo saba vya kuchotea maji, vyote vimekamilika. Nikabaki nimesimama kama mlingoti. Kila mtu pale alijua vinavyotoa maji ni vitatu tu, ila yeye alikuwa na karatasi, mimi nilikuwa na mdomo.

Baada ya hapo tukanunua daftari. Vijana saba, kila mmoja na kituo chake. Kila Jumamosi asubuhi tunaandika mambo manne: maji yanatoka au hayatoki, ndoo ya lita 20 inajaa kwa muda gani, inauzwa bei gani, na foleni ina watu wangapi. Kipimo hatukukitunga. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Hayo ni maneno yao wenyewe. Sisi tunapima tu.

Miezi mitatu baadaye tukarudi mkutanoni. Safari hii hatukupiga kelele, tulisoma daftari, wiki kwa wiki. Mtaalamu hakubisha. Aliomba apige picha zile kurasa. Leo kituo kimoja kati ya vinne vilivyokufa kimefufuka. Vitatu bado, na daftari bado linaandikwa.

Kuna watakaosema hiyo ni kazi ya wataalamu. Sawa, lakini mtaalamu mmoja ana vijiji vingapi? Dar es Salaam, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora ramani za mitaa, mitaro na maeneo yanayofurika. Anayeishi bondeni ndiye anayejua maji yalifika usawa wa dirisha lipi.

Na msidhani wakubwa hawajui nguvu ya namba. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa kutoa takwimu za kupinga zile rasmi: faini isiyopungua shilingi milioni 10, au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Ikapigiwa kelele ndani na nje, na mwaka 2019 kipengele hicho kikaondolewa. Jiulize, nani anatunga adhabu kali hivyo kwa ajili ya kitu kisichomtisha?

Sasa mlango uko wazi, tuutumie. Ila kwa masharti. Usiandike kwa rangi ya chama. Kituo kikitoa maji, andika kinatoa, hata kama diwani wao atajisifia. Siku tutakayodanganya namba moja tu, daftari zima limekufa. Na jirani wa chama tawala anayechota pale pale, mkaribishe aandike naye. Ndoo haina kadi ya chama.

Tusiishie kwenye maji. Andika saa umeme ulipokatika na uliporudi. Andika bei ya debe la mahindi kila gulio. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndo pa kusomea.

Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maji ni mali yetu. Jumamosi hii, kabla hujaandika posti nyingine ya kulalamika, nenda bombani kwenu na kalamu.