Kupanda Majabali Kusikatazwe

Napenda kujibu maneno yaliyosemwa na baadhi ya wazazi katika mkutano wa muhula huu, ya kwamba wanafunzi wakatazwe kabisa kupanda majabali siku za Jumamosi, kwa kuwa mwenzetu mmoja aliteguka kifundo cha mguu.

Wazazi wana haki ya kuogopa. Lakini hapa Usukumani nani asiyepanda mawe? Kila aliyechunga ng'ombe amepanda jiwe ili aone wamekwenda wapi. Mtoto akikatazwa shuleni atapanda wakati wa likizo, tena peke yake, pasipo mtu wa kumwita akianguka. Hilo ndilo ninaloliogopa mimi.

Jumamosi iliyopita tulikwenda sita, pamoja na mwalimu. Tulitoka alfajiri, maana ikifika saa tano jiwe huwa kama kikaango, hata mkono hauwezi kulishika. Nilidhani ni kazi ya nguvu tu. Kumbe ni kazi ya macho na masikio. Majabali yetu ni ya itale, na itale hubambuka maganda kama kitunguu. Kwa hiyo kabla ya kushika, hupiga jiwe kwa ngumi: likilia kama ngoma, ndani mna uwazi, usiliamini. Husogeza kiungo kimoja tu, vile vitatu vingine vikiwa vimeshika imara. Tena kushuka ni kugumu kuliko kupanda, kwa sababu jicho halioni mahali pa kuweka mguu. Hapo rafiki aliye chini hukuelekeza, nawe huna budi kumsikiliza, hata kama ni yule uliyegombana naye bwenini jana. (Pimbi walitutazama muda wote, nadhani kwa kutudharau.)

Wako wasemao kuwa huu ni mchezo wa wahuni. Mbona tunamsifu Alexander Nyirenda, aliyepeleka mwenge na bendera kileleni Kilimanjaro mwaka 1961? Na katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, kupanda kuta za mawe ya kuigiza kulishindaniwa kwa mara ya kwanza, na washindi wakavikwa medali.

Basi mimi nashauri hivi: asiende mtu bila mwalimu na barua ya mzazi, wala tusiende wakati wa mvua, kwa maana ukungu wa juu ya jiwe ukilowa huteleza kama sabuni. Zinunuliwe kofia ngumu na kamba ya nailoni ya kupandia. Najua nchi yetu imesifika kwa katani, lakini kamba ya katani hainyumbuki. Mtu akianguka humkata kiuno au hukatika yenyewe. Fedha zaweza kutoka katika mauzo ya pamba ya shamba letu, ambayo sisi wenyewe tuliipalilia.