Kukandwa kunatibu? Mgongo wa Kariakoo bado haujaulizwa

Nimepotea kidogo, wodini hakunipi nafasi hata ya kufua. Leo mvua inanyesha hapa Upanga, nimejifungia chumbani, nikaona bora nimalizie lile bishano la juzi kantini. Swali lenyewe lilikuwa jepesi tu: hivi kukandwa kunatibu kweli, au ni starehe inayokula hela za watu?

Kwanza tuondoe vicheko. Mjini hapa ukisema "masaji" watu wanakonyezana, kila mtu na picha yake kichwani. Mimi siongelei hiyo. Naongelea kuchuliwa. Kuli aliyebeba lumbesa tangu alfajiri pale Kariakoo, halafu jioni anamtafuta mzee mwenye chupa ya mafuta amchue kiuno. Mzazi anayekandwa maji ya moto na mama yake au shangazi yake mpaka arobaini itoke. Bibi anayemnyoosha mjukuu viungo kwa mafuta ya nazi. Hiyo ndiyo masaji ya kwetu, tena ilikuwepo kabla ya hizi saluni zote.

Juzi tulikuwa kambi mbili. Wa kwanza walisema hakuna sayansi pale, ni imani tu. Wa pili wakasema wazee wetu walijua zamani, Wazungu ndio kwanza wanagundua. Mimi nasema kambi zote mbili hazijasoma.

Ushahidi upo. Mwaka 2011 Daniel Cherkin na wenzake walitoa utafiti wao wa kule Seattle, Marekani, katika jarida la Annals of Internal Medicine. Walichukua watu 401 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, wakawagawa kwa kura makundi matatu. Mawili yakakandwa mara moja kwa wiki, kwa wiki 10. La tatu likaendelea na matibabu yake ya kawaida. Wiki 10 zilipoisha, kati ya kila watu 100 waliokandwa, 36 hadi 39 walisema maumivu yamekwisha au yanakaribia kwisha. Kwa wale wengine walikuwa 4 tu. Si mchezo! Ila mwaka mmoja ulipotimia, kwa upande wa maumivu, ile nafuu ilikuwa imeshayeyuka.

Sasa kambi ya pili msishangilie bado. Mwaka 2015 mtandao wa Cochrane ulikusanya tafiti 25 za masaji na mgongo, zenye watu 3,096 kwa jumla. Wakaona nafuu ya muda mfupi ipo, lakini wakasema imani yao katika matokeo hayo ni ndogo sana. Sababu kubwa ni hii: kidonge unaweza kukipima kwa kumpa mtu mwingine kidonge bandia cha sura ile ile, asijue. Mkono bandia utautoa wapi? Aliyekandwa anajua kakandwa, na aliyenyimwa anajua kanyimwa, na huenda ameshanuna tangu siku ya kwanza. Halafu unamuuliza, "Je, unajisikiaje?"

Na yale maelezo ya mtaani kwamba kuchua kunatoa asidi kwenye msuli nayo yana matatizo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwachosha vijana 11 kwa baiskeli, wakawakanda mguu mmoja, mwingine wakauacha, kisha wakachukua vipande vya msuli wakavipima. Mguu uliokandwa ulikuwa na dalili chache za uvimbe wa ndani. Asidi ya laktiki? Haikubadilika. Vijana 11 ni wachache mno kujenga sheria juu yao, lakini angalau mkono ulionekana kufanya kitu.

Hoja yangu hasa ni hii. Wale wa Seattle walikuwa wateja wa bima ya afya. Kuli wetu akishachuliwa anarudi kwenye gunia kesho yake, pengine saa ile ile. Sasa je, kuchuliwa kunamponya, au kunayanyamazisha maumivu ili abebe tena na kujimaliza zaidi? Takwimu za Seattle haziwezi kutujibu, kwa sababu hakuna aliyembebesha lumbesa mgonjwa wa kule.

Na mnakumbuka jina Kariakoo limetoka wapi. Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, waliwekwa kambi pale. Mtaa mzima umebeba jina la watu wa kubeba mizigo. Zaidi ya miaka 100 imepita, migongo bado inabeba, mikokoteni na maguta bado yanasukumwa, na hela ya wali maharage inaishia kwa mchuaji. Mtu maskini ana haki ya kujua kama anachonunua kinamfaa.

Hapa Muhimbili tuna Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti, ikawa taasisi kamili mwaka 1991. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo tangu 2002. Mizizi na majani tunajua kuyapeleka maabara. Basi na mikono ipimwe! Tuchukue makuli wanaotaka wenyewe, tupige kura. Kundi moja lichuliwe, jingine lipate muda ule ule wa kupumzika na taulo la moto. Tuhesabu siku walizokosa kazi kwa miezi kadhaa, halafu waliokosa nao wachuliwe. Na wachuaji wenyewe wakae mezani tangu mwanzo, maana wao ndio wenye ujuzi.

Wakati tunasubiri, shikeni haya machache. Mzazi akivimba mguu mmoja na unauma, msiukande, mpelekeni hospitali. Inawezekana damu imeganda kwenye mshipa, na ikichomoka ikaenda kwenye mapafu inaua. Mguu uliovunjika hauchuliwi. Na mwenye maumivu ya mgongo akianza kufa ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo, huyo asingoje mafuta, akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wanaodharau mkono wa bibi na wanaouabudu wote wanakwepa kazi ile ile, yaani kuupima. Mnaonaje? Nasikiliza hoja, matusi wekeni pembeni. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.