Kwa Nini Mthamini Lazima Atoke Mjini?

Mwaka juzi nikiwa likizo nyumbani Kifanya, alikuja kijana mmoja na daftari, simu ya kupigia picha na riflekta ya njano. Kuna mradi ulikuwa unapita kwenye shamba la babu, na yeye ndiye aliyetumwa kuthamini. Hakuwa na jeuri, alimwamkia babu kwa heshima. Shida ilianza walipofika kwenye miparachichi. Ilikuwa ya kubebesha, ina miaka mitatu, imeanza kutoa maua. Kijana akaiandika kama miche.

"Mjukuu wangu, hii mwakani nachuma," babu akamwambia.

Yule kijana akaangalia karatasi yake, akaniangalia mimi niliyeshika utepe wa kupimia, kisha akaendelea kuandika. Nilinyamaza. Nasoma ualimu, jiografia na hisabati, chuo kikuu mwaka wa pili wakati ule, na sikujua kama tunaruhusiwa kubisha. Babu akaweka dole gumba.

Tangu siku hiyo nimekuwa nauliza kila mtu: hawa watu wanapatikanaje?

Kwenye karatasi njia ni nyoofu. Kuna Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, Na. 7 ya mwaka 2016, iliyounda Bodi ya Usajili wa Wathamini. Kujua bei za viwanja hakukufanyi mthamini, huyo ni dalali. Unatakiwa usome fani yenyewe, na wengi wanapitia Chuo Kikuu Ardhi kule Dar es Salaam. Ukimaliza unafanya kazi chini ya mthamini aliyesajiliwa, Bodi inakupima, ndipo unasajiliwa na sahihi yako inakuwa na uzito. Hata hapo, taarifa ya fidia haiendi popote mpaka iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali.

Sina ugomvi na ukali huo. Tena naona ni haki kabisa. Chukua mfano mmoja tu: kwa kanuni za fidia za mwaka 2001, mtu anayehamishwa kwenye nyumba yake anapewa posho ya makazi, ambayo ni kodi ya soko ya nyumba hiyo mara miezi 36. Mthamini akipunja kodi kwa shilingi 10,000, familia imepoteza shilingi 360,000. Na hapo hatujagusa thamani ya ardhi yenyewe, posho ya usumbufu wala usafiri. Kazi ya hivyo haipewi mtu aliyejifunza kwa kubahatisha.

Ninachogombana nacho ni kile kipande cha katikati, kati ya joho na usajili.

Sisi wa ualimu tunalalamika sana kuhusu BTP, lakini hebu tuseme ukweli: mazoezi yetu yako ndani ya digrii. Chuo kinakupangia shule, hata ikiwa Lupembe huko, na ile hela ya mafunzo kwa vitendo wenye mkopo wanaipata. Mwenzetu wa uthamini mazoezi yanayohesabika kwenye usajili yanamsubiri baada ya kuhitimu, wakati bumu limeshakatika. Anatakiwa amtafute mwenyewe wa kumsimamia. Kampuni nyingi za uthamini ziko Dar es Salaam. Kwa hiyo anayevumilia ni yule mwenye shangazi Sinza au Kimara. Mtoto wa mkulima wa miti ya mbao kutoka Njombe atalipa chumba kwa hela gani? Dada mmoja aliyenitangulia shuleni alimaliza fani hiyo vizuri tu. Leo ananunua viazi mashambani na kupakia magari Makambako. Viazi vinalipa, sikatai, ila yeye mparachichi wa miaka mitatu anaujua hata akiwa amefumba macho.

Halmashauri zina wathamini wake. Kwa nini wahitimu wasipangwe huko kama tunavyopangwa sisi mashuleni, wakapewa posho ya kujikimu, wakasimamiwa na mthamini aliyesajiliwa, na Bodi ikawapima kwa mtihani uleule? Mtaniambia bajeti. Sawa, lakini uthamini uliokosewa nao una gharama: watu wanakataa fidia, kesi zinafunguliwa, mradi unasimama. Hiyo hela huwa inatoka wapi?

Na sisi walimu watarajiwa tusijitoe. Nimesoma EGM miaka miwili na hakuna aliyewahi kutamka neno "mthamini" darasani. Tuliambiwa uhasibu, benki, ualimu, basi. Jiografia, hesabu na uchumi ndiyo kazi yenyewe ya mtu yule mwenye riflekta, na sisi tulidhani tunasomea mtihani wa NECTA tu.

BTP inayokuja nimeomba Njombe. Mada ya asilimia nitaifundisha kwa shamba la fidia, lenye miparachichi na misindano, wanafunzi wenyewe wabishane mti upi ni mche na upi umekomaa. Nina hakika watanishinda.

Babu bado ametunza nakala ya ile fomu, ameikunja ndani ya Biblia yake. Juzi kwenye simu aliniambia nikifika nimsomee mstari kwa mstari, maana ile siku hakuna aliyemsomea.