Goti Limevunjika, Tumaini Lisivunjike



Mwanamke akivunjika goti, wanaokuja kumtizama huja na maneno ya aina mbili. Wapo wanaosema, "Si kitu hicho, wiki mbili tu utakuwa unakimbia." Na wapo wanaokaa kwenye mkeka, wakaguna, wakasema, "Goti si mchezo, fulani mpaka leo anachechemea." Wote wamekuja kwa mapenzi. Lakini sisi tunaona wote wanamwacha mgonjwa vibaya zaidi ya walivyomkuta. Wa mwanzo wanamuahidi kisichokuwepo, na wiki mbili zikipita naye bado yuko kitandani, anajiona yeye ndiye mwenye kasoro. Wa pili wanamzika angali hai.

Sisi ni mafundi cherehani, tunashona na kukodisha nguo za maharusi. Mwenzetu mmoja aliteleza kwenye ngazi, zile ngazi nyembamba za nyumba za Mji Mkongwe, akavunjika pia ya goti. Miezi aliyokaa ndani tulikuwa naye, na tuliyoyaona ndiyo yaliyotufanya tuandike. Maoni yetu ni kwamba tumaini la mgonjwa wa goti linatakiwa liwe na kipimo. Mteja huwezi kumwambia nguo itamkaa tu bila ya kumpima. Na mgonjwa vilevile, apewe tumaini linalomwenea.

Kwanza tuelewe maradhi yenyewe. Kwenye goti inakutana mifupa mitatu: wa paja, wa muundi na ile pia ya mbele. Pia ikipasuka bila ya vipande kuachana, mara nyingi mguu hufungwa ukiwa umenyooka kwa wiki 4 mpaka 6. Vipande vikiachana, hufanywa upasuaji vikaunganishwa kwa waya au skrubu. Kama kilichovunjika ni kichwa cha mfupa wa muundi, pale juu unapobeba goti, mgonjwa anaweza kuambiwa asikanyage kabisa kwa wiki 6 mpaka 12. Na mfupa kuunga si mwisho wa safari. Misuli ya paja husinyaa upesi, goti hukakamaa, na nguvu kurudi ni jambo la miezi, kwa wengine hata mwaka mzima. Mwanamke aliyeelezwa haya mapema hashtuki wiki ya 8 akijiona bado yumo kwenye magongo. Anajua yuko njiani, hajachelewa.

Wataalamu wa mazoezi ya viungo hupima unene wa paja kwa futi kama hii yetu ya kushonea. Hupima pia goti linakunja nyuzi ngapi. Kutembea njia iliyo sawa kunataka goti likunje nyuzi 60 na kidogo. Kukaa kitini vizuri na kupanda ngazi ni kama nyuzi 90. Kuchutama, au kukaa kikao cha swala, ni zaidi ya 120. Kwa hiyo mtu anayesema "mbona hawezi kuchutama na hogo limeshatolewa?" anauliza jambo la mbele sana.

Mwenzetu alichukua daftari letu la vipimo vya wateja akajifungulia ukurasa wake mwenyewe. Kila Ijumaa tulimpima mapaja yote mawili, shubiri moja juu ya goti, tukaandika na tarehe. Wiki tatu za mwanzo namba hazikusogea, na alilia. Wiki ya nne paja la mguu mgonjwa likaongezeka nusu sentimita. Kwa mtu mwingine nusu sentimita si kitu. Kwa fundi ndiyo tofauti ya zipu kufunga na kutofunga. Siku hiyo alicheka kicheko ambacho hatukukisikia tangu alipoanguka, na hakuna mgeni aliyekuja na maneno yaliyomfanyia kazi kama ile namba.

Zoezi la mwanzo alilopewa lilikuwa jepesi kulitaja: kunyoosha mguu kitandani, kukaza paja kama anayebana nyuma ya goti kwenye godoro, kuhesabu mpaka 5, kuachia, mara 10. Ugumu ni kulikumbuka kila siku. Yeye alilifunga na swala. Akimaliza uradi, anafanya mazoezi yake. Swala tano, mazoezi matano. Wewe dada usianze lolote kabla daktari wako hajakuruhusu, maana mivunjiko haifanani. Ila ukiruhusiwa, yafunge na swala uone.

Na tukitaja swala, hapa ndipo tulipowaona wanawake wengi wakiumia moyo. Anaswali juu ya kiti huku analia, anahisi swala yake imepungua kwa sababu paji la uso haligusi msala. Dada yetu, swahaba Imran bin Huswain, radhi za Allah ziwe juu yake, aliumwa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa aswali kwa kukaa, akishindwa aswali kwa ubavu. Imo katika Bukhari. Na imo humohumo kwamba mgonjwa na msafiri huandikiwa malipo ya yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na mkaazi. Basi zile rakaa zako za usiku ulizozizoea, hazikukatika kwenye daftari lako. Rukhsa ni zawadi kutoka kwa Mola wako, na zawadi haipokelewi kwa uso wa kununa. Mambo ya udhu juu ya hogo au bendeji muulize shekhe wako akufundishe, usiache swala kwa kutojua. Na Ramadhani ikikukuta na dawa za kula mchana, Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

Sasa tuje kwa maharusi, kwani hili limetugusa kwenye kazi yetu. Alikuja kwetu binti mmoja, harusi imebaki mwezi, mguu umo kwenye hogo. Mama yake alinong'ona kwamba ukweni wasijue. Khofu yao ilikuwa ile ya kila siku: wataambiwa binti ni kilema, wataambiwa amerogwa, mwisho posa itarudishwa. Binti mwenyewe alikuwa anapanga kuyaacha magongo siku ya kutolewa nje ili atembee ukumbini juu ya viatu virefu kama wenzake.

Sisi tulimwambia mama, kwa adabu, kwamba ukweni waambiwe. Goti haliwezi kufichwa ndani ya nyumba moja. Na mume atakayeishi naye miaka, ni afadhali ajue leo namna mkewe anavyobeba mtihani. Binti naye tulimkumbusha yanayotakiwa kwenye nikaha. Walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli, na mahari yake. Hakuna hata moja inayomtaka biharusi atembee, wachilia mbali acheze. Yote yanayotaka magoti ni ada zetu: kukaa chini wakati wa singo, kupiga magoti mbele ya wazee, kuingia ukumbini polepole huku vigelegele vinalia. Ada ni nzuri na tunazipenda, tunakula kwazo, lakini ada hupindwa kama upindo wa gauni. Singo hupakwa hata akiwa kitandani. Piko huchorwa huku mguu uko juu ya mito, na somo mwenye busara atajua la kufanya.

Tukamshonea gauni lenye mpasuo wa ubavuni unaofungwa kwa vifungo, livaliwe bila ya kukunja goti. Upindo tuliupandisha juu ya kifundo cha mguu ili gongo lisikanyage kitambaa, na ndani akavaa suruali ya hariri rangi ileile kwa sitara. Viatu bapa. Aliingia ukumbini na magongo yake mawili, akakaa kitini, na wanawake walimpigia vigelegele mpaka akainamisha uso. Ukweni walijua, na hakuna aliyerudisha posa. Tunajua si kila ukweni uko hivyo. Lakini tunaamini kabisa kwamba picha za dakika tano hazifai kulipwa kwa goti la maisha. Daktari akisema harusi isogezwe, isogezwe bila ya aibu. Akisema inawezekana kwa magongo, basi magongo yaende ukumbini.

Kwa mnaouguza, nanyi mna sehemu yenu. Msiukande mguu uliovunjika kwa maji ya moto na nguvu za mikono kwa sababu bibi alifanya hivyo. Mfupa ambao haujaunga unaweza kusogea. Akipanda ngazi kwa magongo, mguu mzima utangulie. Akishuka, mguu mgonjwa na magongo yatangulie. Ondoeni mikeka inayoteleza njiani. Mpikieni samaki, maharage, mayai, maziwa, kwani mwili unaojenga mfupa unataka chakula. Na mkimwona muundi umevimba na unauma kwa namna mpya, au anakosa pumzi, au vidole vya mguu vimekufa ganzi au kupoa, au ana homa na kidonda kinatoa maji, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Hayo si ya kusubiri asubuhi.

Jengine tunalolisisitiza ni kazi ya mikono. Mwenzetu hakuweza cherehani ya kukanyaga kwa miezi. Tulimpelekea nyumbani kutia shanga, kushona vifungo, kupinda mitandio, na tukamlipa kwa kila nguo, hatukumpa sadaka. Mwanamke aliyezoea kushika pesa yake akikaa miezi bila ya kuingiza hata shilingi, huumwa pahali ambapo eksirei haipaoni. Kama una mwenzako wa biashara au mfanyakazi aliyevunjika, mtafutie kazi ya kukaa. Matunda utakayompelekea yataliwa yataisha. Kazi itamwambia kuwa bado anahitajika.

Wengi hutafsiri subira kuwa ni kukaa kimya mpaka mambo yapite. Sisi hatuoni hivyo. Subira ya goti ni kukaza paja mara 10 siku ambayo hutaki, kuswali juu ya kiti bila ya kujidharau, kusema "naomba unishike mkono" bila ya kuona haya. Na inawezekana mwisho wake goti lisirudi lilivyokuwa kabisa. Mwenzetu leo anatembea, anapanda daladala, ameirudia cherehani yake, lakini kuchutama bado hakumkubali na baridi ya Julai inamkumbusha. Anaswali kiti kikiwa karibu. Tumaini lake halikuwa kwamba atarudi kama zamani. Lilikuwa kwamba Allah hatomwacha, na hajaachwa.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, awatie nguvu wanaowauguza, na awape maharusi wetu ndoa zenye huruma. Amin.