Boksi la yai la Pasaka bado limejaa hewa

Kila Pasaka, maduka ya Uingereza hujaa mayai ya chokoleti yaliyo matupu ndani, yaliyofungwa kwa karatasi ya alumini na kuwekwa katika boksi kubwa kupita kiasi. Mbunge Jo Swinson aliwahi kwa miaka kadhaa kupima mayai hayo na maboksi yake, na kuwaanika watengenezaji hadharani. Shinikizo hilo halikupotea bure: mwaka 2012 Nestlé ilitangaza kuwa vifungashio vyote vya mayai yake nchini humo vinaweza kurejelezwa, baada ya kadibodi kuchukua nafasi ya plastiki ngumu.

Hata hivyo, kubadili malighafi si kupunguza. Kanuni za mwaka 2003 zilitaka kifungashio kisizidi kiasi kinachohitajika kwa usalama, usafi na kukubalika kwa mnunuzi. Kigezo hicho cha mwisho ndicho kilichoacha mlango wazi, kwani nani atakayekanusha kwamba mnunuzi wa zawadi hupenda boksi kubwa?

Kodi ya mwaka 2022, iliyoanza kwa pauni 200 kwa tani, iligusa plastiki pekee. Ada zilizoanza mwaka 2025 zinahusu pia kadibodi, lakini hutozwa kwa uzito. Boksi likiongezwa ukubwa, mtengenezaji hulipia gramu chache zaidi za kadibodi; hewa iliyomo ndani hailipiwi.