Ukishang'oa Michongoma, Jirani Umemuacha Wapi?

Pita Sinza au Kijitonyama, hesabu nyua za michongoma zilizobaki. Ua ukizeeka unang'olewa, unapanda ukuta wenye vipande vya chupa juu. Sababu ni ileile: wezi.

Sawa wadau, lakini hebu tujiulize. Michongoma ilikuwa na miiba, na bado jirani aliona nani anaingia kwako usiku. Ukuta mrefu unamziba jirani macho. Mwizi akisharuka, humo ndani anafanya kazi yake kwa nafasi. Balozi wa nyumba kumi akigonga geti anajibiwa na mbwa. Na moto ukizuka, wa kukusaidia wapite wapi?

Mimi nasema ua mkuukuu ng'oa, ila panda mwingine au weka seng'enge. Mtaa unalindwa na macho ya watu, si chupa. Mnasemaje?