Dawa za misuli: Tusiwadanganye vijana, tuwaambie ukweli



Hivi karibuni hapa Mbinga mjini, baada ya swala ya Alasiri, kijana mmoja anayenyanyua vyuma alinivuta pembeni akaniuliza: "Mzee, shikamoo. Hivi hizi steroidi zinaongeza nguvu kweli, au ni maneno ya watu tu?" Kabla sijajibu, mzee mwenzangu aliyesikia akamkatiza kwamba ni uongo mtupu, hazisaidii kitu. Nia yake ilikuwa njema, lakini jibu halikuwa sahihi. Kijana akija kugundua kuwa tulimdanganya katika hilo, hatatusikiliza tena tutakapomweleza madhara.

Ukweli ni kwamba zinafanya kazi. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wa wiki 10 kwa wanaume 43. Waliodungwa testosteroni, yaani homoni ya kiume, kwa kiwango kikubwa bila kufanya mazoezi waliongeza takriban kilo 3 za mwili usio na mafuta. Waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza kama kilo 2. Waliochanganya vyote viwili waliongeza kilo 6.

Hata hivyo, misuli siyo ufundi. Wamarekani wamelibishania sana jambo hili katika besiboli, mchezo wao wa kupiga mpira kwa rungu. Mwaka 1998 mchezaji Mark McGwire aliweka rekodi ya wakati ule kwa kupiga mapigo 70 makubwa ya kuvusha mpira katika msimu mmoja. Mwaka 2010 alikiri kuwa alitumia steroidi, ila akadai ilikuwa ni kwa ajili ya majeraha, na kwamba kipaji cha kupiga alizaliwa nacho. Nusu ya dai lake ni kweli, maana hakuna sindano inayompa mtu jicho la kuuona mpira unaokuja kwa kasi. Lakini mwenye misuli zaidi huzungusha rungu kwa kasi zaidi, na mpira ambao ungedakwe karibu na ukuta huvuka.

Majirani zetu Kenya nao yamewafika. Mwaka 2012 mkimbiaji Mathew Kisorio alikutwa na steroidi mwilini akafungiwa miaka 2. Mkimbiaji wa masafa marefu hahitaji mwili wa baunsa. Kinachomshawishi ni kwamba dawa hizi huusaidia mwili kupona haraka baada ya mazoezi mazito.

Sasa tuseme bei yake. Homoni ikitoka nje kwa wingi, mwili huacha kutengeneza ya kwake. Korodani husinyaa, mbegu za kiume hupungua, na mwanamume anaweza kukosa mtoto. Wengine huota matiti. Moyo huharibika, na vidonge vyake huumiza ini. Kijana ambaye bado anakua anaweza kubaki mfupi, kwa kuwa mifupa yake hufunga mapema. Mwanamke huota ndevu na sauti yake huwa nzito, na sauti hiyo huenda isirudi tena. Aidha, wanaochangia sindano huambukizana virusi vya ukimwi na homa ya ini.

Kuna kosa jingine ambalo huenda likawa karibu zaidi na sisi. Nilimwomba yule kijana anionyeshe alichonacho. Akatoa vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi: prednisoloni! Hii nayo huitwa steroidi, lakini ni ya kundi jingine kabisa, inayotumika kutibu pumu na maradhi mengine. Ukiitumia muda mrefu, uso huvimba na mwili hushika maji, mtu akadhani amenawiri, kumbe misuli inaliwa, mifupa inadhoofika na sukari inapanda. Alikuwa akinunua udhaifu kwa fedha yake. Ieleweke kwamba aliyeandikiwa dawa hii na daktari asiiache ghafla. Aifuate kama alivyoelekezwa. Na aliyekwisha kuitumia kiholela kwa muda mrefu naye aende hospitali kwanza.

Waangalieni vijana wa Mbamba Bay na Liuli wanaovuta nyavu na kupiga kasia. Vifua vile havikutoka dukani. Ziwa Nyasa linatupa samaki na usipa, milima ya Mbinga inatupa maharage na mahindi. Chakula hicho, mazoezi ya mpangilio na usingizi wa kutosha hujenga mwili polepole, na kinachojengwa hivyo hakimuumizi mwenyewe.

Mwili ni amana, na ushindi wa dawa ni ghishi, sawa na ya muuzaji anayepunja mizani. Wazazi, tusiwafokee vijana wala tusiwaambie uongo. Tuwaulize wanatumia nini, tukitazame, kisha tuwaeleze ukweli wote.

Wabillahi tawfiq.